Almasi Yamsaka Adui Ndani ya Damu

Wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, malaria huambukiza mwaka mzima. Katika makazi ya Mantapala, ambako wakimbizi kutoka Kongo walianza kuhamishiwa mwaka 2018, mama ampapasaye mwanawe usiku na kuhisi joto hujiuliza: je, ni malaria au homa nyingine?

Jibu hutafutwa katika tone la damu. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyewatibu askari nchini Algeria, aliona kwa hadubini vimelea vyenye chembe nyeusi. Chembe hizo, ziitwazo hemozoini, ni makombo ya mlo. Kimelea hula himoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu. Sehemu yake yenye chuma ni sumu kwake, hivyo huigeuza kuwa vijiwe visivyomdhuru.

Kwa kuwa vina chuma, vijiwe hivyo huitikia sumaku, ingawa kwa unyonge mno. Kipimo chake kimepatikana katika almasi. Almasi ni kaboni iliyopangika barabara. Lakini atomu ya naitrojeni ikikaa mahali pa kaboni, na jirani yake pakawa patupu, hutokea dosari yenye manufaa. Dosari hiyo ikimulikwa kwa nuru ya kijani hutoa nuru nyekundu. Ikipigwa pia na mawimbi ya redio ya kiasi fulani, nuru hiyo hufifia. Na sumaku ikiwa karibu, kiasi hicho hubadilika. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walieleza jinsi walivyopima kwa njia hiyo sumaku ya kijiwe kimoja kimoja.

Faida yake ni nini? Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya kimelea. Vimelea vingine vimeacha kuitengeneza, navyo hupita bila kugunduliwa. Lakini kimelea kilacho damu ni vigumu kuficha makombo yake.

Hata hivyo, almasi hizo zingali maabarani. Kwa leo, iwe Mantapala au katika nyumba za askari, silaha ni zile zile: chandarua chenye dawa kila usiku, mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na dozi imalizwe hata kama joto limeshuka.