VITA VYA 1914–1918 NA WAPAGAZI WASIOANDIKWA MAJINA

 

Ndugu wasomaji, wengi wetu tukisikia Vita Vikuu vya Kwanza hudhani ni habari ya Ulaya. Ukweli ni kwamba vita hivyo viliizunguka na kuiingia ardhi hii ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Mkoa wa Katavi, na waliokufa kwa wingi zaidi hawakuwa wenye bunduki. Hapa tutaeleza vita hivyo vilikwendaje upande wetu, nani waliokufa, na kwa nini jambo hili linamhusu mwenye kusoma fiqhi.

VITA VILIVYOFIKA ZIWANI

Mwaka 1914 Bara yetu, pamoja na Rwanda na Burundi, ilikuwa chini ya Wajerumani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo, walikuwapo Wabelgiji, na kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walikuwapo Waingereza. Wakubwa hao walipogombana kwao, mipaka yao ya huku nayo ikawa viwanja vya vita.

Mwanzoni Wajerumani ndio waliotawala ziwa kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo kwa njia ya nchi kavu kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, isije ikatwaliwa na adui. Hiyo ndiyo iliyoopolewa baadaye, ikapewa jina la Liemba na kuanza kazi upya mwaka 1927, na kwa miaka mingi ikawabeba watu wetu wa pwani ya Karema.

Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliingia Kasanga, iliyokuwa ikiitwa Bismarckburg. Mwezi wa Julai Wabelgiji waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaishika Tabora. Mwaka 1917 kikosi kimoja cha Wajerumani kilijitenga na wenzake kusini, kikapanda hadi Kitunda, kusini ya Tabora, kikiishi kwa chakula cha wenyeji wa njiani. Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Jenerali von Lettow-Vorbeck alijisalimisha tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, yaani Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Rukwa.

KWA NINI WAPAGAZI?

Mtu wa Mpanda hahitaji kuelezwa habari za mbung'o. Mdudu huyo huua farasi, punda na ng'ombe, na reli zilikuwa chache. Basi jeshi halikuwa na njia ila kichwa na bega la mwanadamu.

Tupige hesabu ndogo. Mpagazi amebeba unga kilo 25, naye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20, na askari aliye mbele atapata kilo 5 tu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali, ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, na Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wao. Wako waliokwenda kwa ujira, na wako wengi waliokamatwa kwa nguvu.

Risasi haikuwa adui yao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa, na unga mbovu usioiva vizuri. Waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Majumbani nako mavuno na mifugo vilichukuliwa na nguvu za kulima zikaondoka. Ugogo ikaingia njaa iliyoitwa Mtunya, mwaka 1917 hadi 1920, na katikati yake ukaja ugonjwa wa mafua wa 1918 ulioenea dunia nzima.

HUKUMU YA ALIYEPOTEA

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa, wanazuoni humwita mafqud. Asili yake ni kuhesabiwa hai mpaka ithibiti kinyume. Kwa Imam Malik, na kwa kauli ya zamani ya Imam Shafi, mke wake husubiri miaka minne, kisha hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika kauli mpya ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yenye kutegemewa katika madhehebu yetu, husubiri mpaka apate uhakika wa kufa kwake au wa talaka. Mali yake nayo hairithiwi mpaka upatikane ushahidi, au upite muda ambao kwa kawaida mtu hawezi kuishi zaidi yake, kadhi akahukumu.

Tazameni sasa. Mpagazi akifa porini, asiandikwe jina wala kijiji, jeshi limepoteza mzigo mmoja. Lakini nyumbani mkewe si mjane wala si mwenye mume, shamba haligawiki, na ujira aliokuwa akidai, ambao kisheria ni sehemu ya tirika yake, hauna wa kuupokea. Basi jina si pambo la kaburi. Ni ufunguo wa haki za walio hai, na haki ya ujira na ya kusitiriwa ardhini ni ya kila mwanadamu, awe Mwislamu au asiwe.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Kilichobaki kwetu ni jina la mtaa na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi.

Ndugu zetu, Tume haiwezi kuyajua majina yaliyohifadhiwa katika koo zetu. Kama kwenu kuna babu wa babu aliyechukuliwa asirudi, waulizeni wazee wangali hai, muandike jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Zaidi ya miaka mia imepita, na aliyekuwa Mwislamu bado anastahiki dua yetu.