Fizikia na Itoke Ubaoni

Upepo ni mtoza kodi asiyeonekana, na kila dereva humlipa kwa mafuta. Mwendo wa gari ukiongezeka maradufu, tuseme kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Aghalabu mwanafunzi huikariri kanuni hii, akaiandika mtihanini, kisha akaisahau kabla ya wino kukauka. Sishangai. Elimu ya chaki pekee haina mizizi.

Hebu tulitazame gurudumu. Rimu yenye matundu huikoroga hewa mithili ya feni, na nguvu za kuikoroga hutoka kwenye injini. Ndiyo maana washindani wa mbio katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, waliyafunika magurudumu yao kwa visahani laini vya alumini. Dean Moon wa California alivipa umaarufu hata vikaitwa kwa jina lake.

Je, fundi wetu wa jua kali hawezi kuvitengeneza? Anaweza, mradi asisahau kwamba breki hutoa joto. Kifuniko kinachoziba kila upenyo huizuia hewa inayozipoza, na anayeteremka Bonde la Ufa anahitaji breki kuliko akiba ya mafuta. Heri kufunika magurudumu ya nyuma kwanza, kwa kuwa breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa zaidi. Kifuniko nacho kikazwe kwa skrubu madhubuti, si kwa waya. Bati likichomoka barabarani huwa upanga kwa mpita njia.

Shule haihitaji gari ili kulifunza somo hili. Mwalimu na aipindue baiskeli, alizungushe gurudumu la mbele, na wanafunzi wapime muda linaochukua kusimama. Kisha wazifunike spoki kwa kadibodi na kupima tena. Likichelewa kusimama, wasikimbilie kushangilia, kwani kadibodi pia imeliongezea gurudumu uzito, na uzito nao huliendeleza. Ni lipi basi lililoleta tofauti, hewa au uzito?

Mwanafunzi atakayeuliza swali hilo bila kuchochewa, kisha akabuni njia ya kulijibu, amekwisha kuwa mwanasayansi. Kwangu mimi, huyo anastahili alama kuliko aliyekariri kanuni kumi.