Mbwa Aliyezoea Kuchanwa Hasumbui Siku ya Kuchanjwa

Katika maboma mengi ya Suna Mashariki na Suna Magharibi, mbwa hufugwa kwa kazi ya ulinzi. Hupewa mabaki ya chakula, hufunguliwa usiku, na ni nadra mtu kumgusa. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika, mbwa wa aina hiyo hubweka, hung'ata au hutoroka kabla ya sindano kumfikia. Akikosa chanjo, anahatarisha familia inayomfuga pamoja na majirani. Tatizo hili huzuilika mapema, mbwa angali mdogo, kwa kumzoesha kushikwa na kuchanwa manyoya.

Manyoya hubadilika lini?

Mtoto wa mbwa huwa na manyoya laini ya utotoni. Kuanzia umri wa takriban miezi 4 hadi 6, manyoya hayo hupukutika na mahali pake huota manyoya magumu zaidi ya ukubwani. Kwa wengi, mabadiliko hukamilika wanapokaribia mwaka 1.

Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi, hivyo mabadiliko hayo hayaonekani sana. Mwenyewe huona tu manyoya yaliyobaki kwenye gunia analolalia mbwa. Lakini kwa mbwa waliochanganya damu na aina yenye manyoya marefu, kama German Shepherd, manyoya ya zamani hunasa katika mapya na kusokotana nyuma ya masikio, kwapani na karibu na mkia. Hapo unyevu hukaa wakati wa mvua, na kupe hupata maficho.

Ni kukua au ni ugonjwa?

Manyoya yanayopukutika kwa sababu ya kukua hayaachi kipara. Ngozi hubaki safi na manyoya mapya huonekana yakiota. Ukiona mabaka yasiyo na manyoya, wekundu, magamba, harufu mbaya au mbwa anayejikuna bila kupumzika, huo si ukuaji. Huenda ni upele unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi, ambao baadhi yao wanaweza kuwawasha watu pia, hasa watoto wanaocheza na mbwa huyo.

Viroboto nao wasipuuzwe. Wakiwa wengi, hunyonya damu ya mtoto wa mbwa hadi ufizi wake ukapauka, na anaweza kufa. Mbwa anayemeza kiroboto akijilamba anaweza pia kupata minyoo ya tegu.

Namna ya kumchana

Anza mara tu mtoto wa mbwa anapofika nyumbani. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Tumia brashi laini au kitana kilichotengwa kwa kazi hiyo. Chana kuelekea manyoya yanakolalia, kuanzia shingoni hadi mkiani. Mguse masikio, midomo na nyayo ili azoee. Akitulia, mpe kipande kidogo cha chakula. Akikataa, pumzika ujaribu tena baadaye. Usimpige. Watoto wa nyumbani wafanye kazi hii wakiwa na mtu mzima.

Ukipata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumpinda. Usimpasue kwa vidole wala kumchoma kwa moto. Safisha pia kibanda na uzibe nyufa za ukuta, kwani kupe wa mbwa hutaga mayai humo.

Kuogesha si jambo la kila siku. Mbwa aogeshwe anapochafuka, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, wakati wa jua, kisha akaushwe vizuri.

Vitu vya kuepuka

Baadhi ya wafugaji humpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari. Oili hiyo ni sumu: mbwa huilamba, na hupenya kwenye ngozi yenye vidonda. Dawa ya kuogesha ng'ombe nayo isitumiwe kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mtoto wa mbwa. Sabuni ya unga ya kufulia huchubua ngozi. Muone afisa wa mifugo kabla ya kutumia dawa yoyote.

Chanjo ndiyo kilele

Mtoto wa mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi 3, akarudiwa baada ya mwaka 1, kisha kulingana na ratiba ya daktari wa mifugo. Shirika la Afya Duniani linasema kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo husaidia kukomesha maambukizi. Kiwango hicho hakiwezi kufikiwa ikiwa mbwa wengi hawashikiki.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa zikishajitokeza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Wakazi wenye watoto wa mbwa waliofikisha miezi 3 wanahimizwa kuwasiliana na afisa wa mifugo aliye karibu nao.