Visima na miti mitakatifu ya Maziwa Makuu

Visima na miti mitakatifu ya Maziwa Makuu ni mahali pa asili, kama chemchemi, mabwawa na miti, ambapo wakazi wa nchi zilizo magharibi na kaskazini mwa Ziwa Viktoria huenda kusali, kutoa sadaka au kuomba uponyaji. Pengine pana asili ya dini za jadi, pengine pa Kikristo.

Tarafa ya Rulenge, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera (Tanzania), inaonyesha vizuri aina zote mbili. Upande mmoja iko katika eneo lenye urithi wa ibada ya Kiranga, inayojulikana zaidi nchini Burundi. Upande mwingine imelipa jina Jimbo Katoliki la Rulenge (tangu mwaka 2008 Rulenge-Ngara), lililo jirani na nchi zenye vituo vikubwa vya hija.

Kiranga na mti wa umurinzi

Wilaya ya Ngara inaunganisha nchi mbili za zamani za kitemi, Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya kuwekwa ndani ya Tanganyika, na lugha yake, Kihangaza, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi.

Katika imani ya huko, muumba wa vyote ni Imana. Yeye hana hekalu wala hadai kafara. Anayeendewa na watu wenye shida (ugumba, ugonjwa, mavuno mabaya) ni Kiranga, ambaye Wanyarwanda humwita Ryangombe. Pamoja na wenzake, wanaoitwa imandwa, huhesabiwa kuwa mpatanishi kati ya watu na Imana.

Masimulizi ya Rwanda yanasema Ryangombe alikuwa mwindaji hodari. Mama yake alimkataza kwenda porini siku moja, naye akakaidi. Huko alichomwa pembe na nyati, akafia kwenye shina la mti ambao kisayansi unaitwa Erythrina abyssinica. Maua mekundu ya mti huo yanakumbusha damu yake. Kwa Kirundi unaitwa umurinzi, yaani mlinzi. Kwa Kinyarwanda umuko.

Chini ya mti huo ndipo watu walipoingizwa katika ibada, tendo linaloitwa kubandwa. Kwa kuwa tawi lake likichomekwa ardhini huchipua kwa urahisi, mahali pa ibada paliweza kuwa karibu na nyumba, bila kuhitaji safari ndefu. Waliobandwa walihesabiana kuwa ndugu, wawe Wahutu, Watutsi au Watwa. Si sahihi kusema kwamba waliabudu mti: ulikuwa mahali pa kukutana na Kiranga na kumbukumbu ya kifo chake.

Kandokando ya Ziwa Viktoria, maji yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Wahaya walimtaja Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, na Waganda walimheshimu Mukasa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika visiwa vya Ssese.

Wamisionari

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walifungua misheni ya Muyaga nchini Burundi mwaka 1898 na ile ya Save nchini Rwanda mwaka 1900. Hatimaye jina la Imana lilikubaliwa litumike kwa Mungu wa Wakristo, lakini Kiranga walimhesabu kuwa shetani. Aliyetaka ubatizo alipaswa kuacha kubandwa kabisa. Kwa hiyo jina lilibaki ila mahali pakaachwa: katika familia nyingi mti uliokuwa mlinzi wa boma ukawa jambo la kuonea aibu.

Nchini Ireland mambo yalikwenda vingine. Huko kuna visima vitakatifu vinavyokadiriwa kuwa 3,000, na inaaminika kwamba baadhi viliheshimiwa kabla ya Ukristo. Kanisa halikuvifukia, bali vilipewa majina ya watakatifu kama Patrick na Brigida. Watu huvizunguka kwa kufuata mwendo wa jua wakisali, na penginepo hufunga kitambaa kwenye mti ulio jirani ili ugonjwa ubaki hapo. Waliojaribu kukomesha mikusanyiko hiyo walikuwa watawala Waprotestanti: sheria ya mwaka 1704 iliweka faini, na viboko kwa asiyeweza kulipa. Baadaye hata maaskofu Wakatoliki waliipiga vita, kwa sababu ya ulevi na ugomvi. Visima vimebaki.

Vituo vya hija vya leo

Kibeho, kusini mwa Rwanda, ni maarufu tangu tarehe 28 Novemba 1981, ambapo mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Bikira Maria. Wenzake Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango walifuata mwaka 1982. Mwaka huohuo wasichana hao walilia wakisimulia maono ya maiti na damu. Mwezi Aprili 1994 maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo. Marie Claire naye aliuawa katika miaka hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Hivyo kwa watu wa Ngara Kibeho si jina la hija tu. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza tarehe 29 Juni 2001 kwamba matokeo hayo ni ya kuaminika. Mahujaji huchota maji ya chemchemi iliyo bondeni na kurudi nayo nyumbani.

Namugongo, karibu na Kampala (Uganda), ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kila mwaka siku hiyo mahujaji hufika, wengine kwa miguu kutoka nchi jirani, na hujaza chupa na vidumu kwa maji ya bwawa lililo mbele ya basilika. Chemchemi ya namna hiyo ipo pia Subukia, nchini Kenya.

Maji na uponyaji

Kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, maji yaliyobarikiwa ni kisakramenti: ishara inayosindikiza sala, si dawa. Mahujaji wengi hawaitenganishi hivyo, nao hunywa, hunawa usoni au hupaka mahali panapouma. Baraka haiondoi vijidudu. Maji ya bwawa au ya chemchemi iliyo wazi yanapaswa kuchemshwa kabla ya kunywewa, wala mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Mwaka 2020, kutokana na UVIKO-19, sikukuu ya Namugongo iliadhimishwa bila umati wa mahujaji. Umati ulirudi tarehe 3 Juni 2022, na vidumu vyao.