Je, Wajua? Sebule ya Kisasa kwa Maua ya Singida

Ukitaja Singida, watu hukimbilia mafuta ya alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu, asali na upepo. Maua hayamo kwenye orodha hiyo. Mawaridi mengi ya kukatwa nchini hulimwa upande wa Arusha, na wengi huku tumeridhika na maua ya plastiki yanayokusanya vumbi juu ya kabati la televisheni. Lakini je, unajua kilichomo kwenye mashamba na mapori yanayokuzunguka?

SHAMBANI

Je, wajua kwamba ua la alizeti si ua moja? Kile kisahani cha katikati ni mkusanyiko wa vijiua, mara nyingi kati ya 1,000 na 2,000, na kila kimoja kikichavushwa hutoa mbegu moja. Hata zile petali ndefu za manjano za pembezoni ni vijiua, ila ni tasa. Kazi yake ni kuita wadudu. Vijiua hufunguka kuanzia nje kwenda ndani. Kwa hiyo alizeti ya sebuleni hukatwa petali zinapoanza kuinuka, katikati kukiwa bado kumefumba. Ukingoja chavua imwagike, umechelewa.

Je, wajua kwamba mbegu za alizeti hujipanga kwa hesabu? Fuata mistari inayojipinda kwenye kichwa kilichokomaa: mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili.

Je, wajua kwamba alizeti changa hufuata jua kutwa nzima, lakini iliyokomaa hutulia ikitazama mashariki? Utafiti uliochapishwa katika jarida la *Science* mwaka 2016 ulionyesha kuwa maua yanayotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi na kutembelewa na nyuki hadi mara tano zaidi ya yale yaliyogeuzwa magharibi. Ndani ya chombo ua halifuati jua tena. Wewe ndiye wa kuligeuzia wageni.

Je, wajua kwamba alizeti nyingi za maduka ya maua huko Ulaya ni za mbegu maalumu zisizotoa chavua? Yetu ya mafuta, kama ile ya mbegu ya Record, haina adabu hiyo: humwaga unga wa manjano mezani. Tandika kitambaa. Unga ukiangukia nguo, usisugue kwa maji. Kung'uta, kisha bandua mabaki kwa selotepu.

Je, wajua kwamba kitunguu kina ua la kifahari? Wakulima wanaojizalishia mbegu huacha baadhi ya vitunguu vichanue, na kila bua hubeba tufe jeupe la vijiua. Ndugu zake wa mapambo huuzwa kwa bei ya juu nje ya nchi. Mkoa wenye soko la vitunguu la Misuna hauna sababu ya kuyakosa. Harufu hutoka bua linapopondwa, basi tumia kisu kikali na ubadilishe maji mara kwa mara.

Je, wajua kwamba Nembo ya Taifa ina mapambo mawili ya shambani? Miguuni pa yule mwanamume na mwanamke kuna karafuu na pamba. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Pamba iliyopasuka ikiwa bado kwenye kijiti chake hukaa sebuleni miezi mingi bila tone la maji.

Je, wajua kwamba ua la mbuyu halifai kwa chombo? Hufunguka jioni, huchavushwa na popo usiku, na huanguka ndani ya saa 24. Liache mtini.

CHOMBO NA MPANGILIO

Je, wajua kwamba Wajapani wana sanaa kamili ya kupanga maua machache? Inaitwa ikebana. Maandishi ya mwaka 1462 yanamtaja Senkei wa ukoo wa Ikenobo, wa hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto, kuwa fundi wa maua aliyewavuta watu kuja kutazama. Siri ya ikebana ni mistari mitatu: mmoja mrefu, wa pili wa kati, wa tatu mfupi, na nafasi tupu katikati yake. Tawi kavu linahesabiwa sawa na ua. Kwa mkoa mkame kama wetu, mtindo huu ni wetu kabisa.

Je, wajua kwamba sponji ya kijani ya kuchomekea maua ni plastiki? Ilibuniwa na Mmarekani Vernon Smithers mwaka 1954, na haiozi. Badala yake chukua kipande cha waya wa banda la kuku. Kikunje kiwe donge legevu, kisukumie ndani ya chungu hadi kikwame, kisha jaza maji robo tatu. Chomeka alizeti ya kwanza iliyo ndefu mara moja na nusu ya kimo cha chungu, ukiilaza kidogo kushoto. Ya pili iwe theluthi mbili ya ile ya kwanza, kulia. Ya tatu ikae chini, karibu na mdomo wa chungu, ikitazama mbele. Chomeka mashuke matatu ya uwele nyuma yake, kisha simama hatua tatu nyuma utazame. Ukiona kitu kinakusumbua macho, mara nyingi dawa ni kuondoa ua moja, wala si kuongeza.

Je, wajua kwa nini mafundi hupenda hesabu ya 3, 5 au 7? Maua manne hujigawa mawili kwa mawili, na jicho hukosa pa kutulia. Matatu hayagawanyiki.

Je, wajua kwamba kibuyu kizuri huoza kikikaa na maji siku nyingi? Weka chupa au kopo la maji ndani yake, maua yaingie humo. Kikapu cha nyasi nacho vivyo hivyo. Mgeni ataona ususi. Kopo ni siri yako.

Je, wajua kwamba rangi za bogenvilia si petali? Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijiti chembamba cheupe katikati. Jina limetokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Bogenvilia ikikatwa hunyauka upesi, hivyo itumie kwa sherehe ya siku moja.

MAJI

Je, wajua kwamba maji ya kisima chako yanaweza kuunguza maua? Maji ya ardhini katika sehemu kadhaa za Singida yana floraidi nyingi, ile ile inayobadilisha rangi ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Gladiola na jabera ni dhaifu zaidi kuliko meno yetu: hata miligramu 1 kwa lita huweza kukausha kingo zake. Tumia maji ya mvua uliyokinga kwenye simtanki. Ya ziwa Singidani wala Kindai usiyafikirie, yana chumvi.

Je, wajua kwamba saa nzuri ya kukata maua ni alfajiri? Usiku mzima mmea umekunywa na bua limejaa. Nenda na ndoo ya maji, si na mikono mitupu. Kata mshazari ili ncha isikae bapa sakafuni mwa chombo, na ondoa kila jani litakalozama, maana likioza huzalisha bakteria wanaoziba bua.

Je, wajua kwamba chakula cha maua kinapatikana jikoni? Kwa lita 1 ya maji: kijiko 1 cha chai cha sukari, vijiko 2 vya chai vya maji ya limao, na matone machache ya jiki. Sukari inalisha, limao linasaidia maji kupanda, jiki inazuia bakteria. Badilisha kila baada ya siku mbili.

Je, wajua kwamba ndizi mbivu ni adui wa maua? Matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua pia. Bakuli la matunda na chombo cha maua visikae meza moja.

Je, wajua kwamba mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya nyumba? Yai huweza kufikia mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 tu. Unapobadilisha maji, sugua na kuta za chombo.

KUKAUSHA

Je, wajua kwamba kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, lilikutwa na mashada ya maua makavu ya zaidi ya miaka 3,000? Siri kubwa ilikuwa ukavu. Singida nayo, kuanzia Mei hadi Oktoba, ina ukavu wa kutosha.

Je, wajua kwamba jua kali halifai kwa kukausha maua? Linafubaza rangi. Funga mabua machache kwa uzi, yaning'inize kichwa chini kwenye chumba chenye giza na hewa, wiki mbili hadi tatu.

Je, wajua kwamba mashuke ya uwele, mtama na ulezi hukauka bila kupoteza umbo? Yavune kabla hayajakomaa sana, la sivyo punje zitadondoka sakafuni. Wapinzani wako ni kwelea kwelea, ambao nao hawangoji.

Je, wajua kwamba mlama hutoa matunda yenye mabawa manne? Yakikauka hubaki tawini kwa vishada vya rangi ya kahawia. Tawi moja refu ndani ya chungu cheusi linatosha pembe nzima ya sebule.

CHUNGA

Je, wajua kwamba utomvu mweupe wa mnyaa wa uani unaweza kudhuru macho vibaya? Vijiti vyake vinavutia, lakini visiingie kwenye nyumba yenye watoto. Oleanda nayo ina sumu kuanzia jani hadi ua, na hata maji iliyokaa ndani yake ni hatari. Gloriosa, lile ua jekundu lenye petali zilizopinda juu, lina sumu kali zaidi kwenye kiazi chake.

Je, wajua kwamba ua la alizeti ulilokata ni mafuta ya mtu? Usiingie shambani kwa jirani na kisu. Omba yale ya maotea, yaliyojiotea kingoni mwa shamba au njiani, au panda mashina kumi nyuma ya nyumba yako mvua ya Desemba ikianza. Yakipishana wiki mbili mbili, utakuwa na maua mezani kuanzia Februari hadi Aprili. Na yale ya plastiki? Yafute vumbi, umpe jirani anayeyapenda.