Safari ya Kalenga Yataka Matayarisho

Ndugu zetu wa Kihesa wanaokusudia kwenda kwa kundi kuyatazama makao ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, twawapa shauri: wasiende kama waendao mnadani.

Kalenga si mbali, ni kadiri ya kilometa 15 kutoka Iringa mjini. Lakini atazamiaye jumba la fahari na bustani za maua atarudi amenuna. Boma la Lipuli lilipigwa kwa mizinga na kutekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na mabaki yake ni haba. Kilichopo ni nyumba ndogo ya makumbusho, na ndani yake fuvu la kichwa cha Mtwa, aliyejiua mwaka 1898 asishikwe hai. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe katika miezi sita. Likarudi mwaka 1954, mjukuu wake Adam Sapi akalipokea. Miezi sita gani hiyo!

Basi hilo si sanamu ya kuchekewa. Watoto waelezwe wangali nyumbani watakachokiona, na ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha. Tena afadhali kumchukua mzee ajuaye mambo ya Wahehe.

Wengine hutaka kuunganisha Isimila na Lugalo siku hiyo hiyo. Sisi hatukubali. Isimila iko njia ya Mbeya, Lugalo iko upande mwingine. Watu wataona vumbi tu. Michango ikusanywe mapema, likodiwe gari moja, na safari ianze asubuhi.