Uzito, joto na mkoko: maneno ya nyumbani katika darasa la sayansi

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti, hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, somo hilo hugawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Biolojia, nayo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia umekuwapo kwa miongo mingi, na kwa kawaida huuliza ni lugha ipi ifaayo. Swali hilo huficha jingine: ndani ya Kiswahili chenyewe mna kivuko kati ya neno la nyumbani na istilahi ya sayansi. Mwanafunzi asiyevushwa hapo huingia sekondari akiwa na maneno mawili ya kigeni kwa dhana moja asiyoielewa.

Istilahi zenyewe zipo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Aghalabu walimu hulalamikia istilahi mpya kama vile *usanisinuru*. Hata hivyo, neno la namna hiyo halina hatari kubwa. Mwanafunzi hulisikia kwa mara ya kwanza darasani, hulichambua (*-sanisi*, yaani kuunda kitu changamano kutokana na vitu sahili, na *nuru*), kisha hulihifadhi kwa maana moja tu. Hatari iko katika maneno anayoyajua tayari.

Uzito na tungamo. Dukani mchele una *uzito* wa kilo mbili. Katika fizikia, kilo hupima *tungamo*, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. *Uzito* ni kani ambayo dunia hukivutia kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Mchele huo ukipelekwa mwezini, tungamo haibadiliki, bali uzito hupungua kutoka nyutoni 20 hivi hadi zaidi kidogo ya 3. Mwanafunzi akikariri fasili bila kuambiwa kwamba neno la dukani limepewa maana finyu zaidi, atajibu mtihani kwa maana ya dukani, naye ataonekana hajasoma.

Joto na jotoridi. Kwa mazungumzo ya kila siku, *joto* hutosha kwa yote mawili. Sayansi huyatenga: *jotoridi* ni kipimo cha kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, na *joto* ni nishati inayohama kutoka kitu chenye jotoridi ya juu kwenda chenye jotoridi ya chini. Maji yanayochemka katika kikombe na yale yanayochemka katika pipa yana jotoridi moja, lakini pipa lilihitaji joto jingi zaidi kufikia hapo. Yeyote aliyewahi kukusanya kuni za kuchemshia maji ya shughuli anaijua tofauti hiyo. Alichokosa ni jina lake.

Kuyeyuka. Barafu *huyeyuka*, na chumvi nayo *huyeyuka* majini. Kitenzi ni kimoja, matukio ni mawili. La kwanza ni badiliko la hali kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. La pili ni kusambaa kwa chembe za chumvi kati ya chembe za maji, na zao lake huitwa *mmumunyo*. Mwalimu akilinyamazia jambo hili, baadhi ya wanafunzi watahitimisha kwamba chumvi imegeuka kuwa maji.

Mkoko. Hapa lugha ya pwani huipita istilahi. Katika Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, *mikoko* ni jina la jumla la miti iotayo katika maji ya chumvi; lakini *mkoko* ni pia jina la mti mmoja mahususi, Rhizophora mucronata. Wenyeji hutofautisha *mchu*, *mkandaa*, *msinzi*, *mkomafi* na *mlilana*. Orodha hiyo ni uainishaji uliokamilika kabla ya somo la uainishaji kuanza. Jani la mchu likirambwa huacha ladha ya chumvi, kwa kuwa mti huo hutoa chumvi ya ziada kupitia majani. Jani moja hutosha kufungua somo la utoaji takamwili katika mimea.

Vivyo hivyo, maneno *bamvua* na *maji mafu* hubeba maarifa ya fizikia. Mvuvi anajua kwamba bamvua hufika wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu. Fizikia huongeza sababu: nyakati hizo jua, dunia na mwezi hukaribia kuwa katika mstari mmoja, na mivutano ya jua na mwezi huungana.

Kutokana na mifano hii, utaratibu ufaao kwa mwalimu ni kuanza na jambo lenyewe, kisha neno la nyumbani, kisha istilahi ya Kiswahili pamoja na tamko la wazi la mahali maana ilipobadilika, na mwisho neno la Kiingereza. Kinachoachwa mara nyingi ni tamko hilo la wazi.

Mfasiri naye azingatie muktadha. Katika kitabu cha fizikia, kuandika *uzito* mahali pa *tungamo* ni kosa. Katika kadi ya kliniki, kosa hugeuka: mama huulizwa *uzito* wa mtoto, na *tungamo* hapo ingemchanganya bure. Usanifu wa istilahi haulifuti neno la nyumbani. Huliwekea mpaka, na ni wajibu wa anayefundisha kuuonyesha mpaka huo.